Uchambuzi: Sarafu za kale katika udongo wa Kawempe, nani anazitafuta na nani ananufaika?

Katika mashamba ya Uingereza, mtu anayetembea taratibu akiwa na kifaa cha kutambua metali mkononi na vipokea sauti masikioni ni taswira ya kawaida ya mwisho wa wiki. Anatafuta sarafu zilizodondoka karne nyingi zilizopita, na kwa wengi wao hiyo ni burudani tu. Huko Kawempe, kaskazini mwa mji mkuu wa Uganda, Kampala, wapo pia watu wanaopita wakitazama chini, wakisikiliza na kupapasa udongo wakitafuta metali. Tofauti ni kwamba hawa wanatafuta mlo wa siku.

Kati ya burudani ya mmoja na riziki ya mwingine kuna suala ambalo Uganda haijalitafutia jibu kamili. Vitu vya kale vilivyo ardhini katika jiji linalokua kwa kasi ni mali ya nani, na nini kinamtokea mtu wa kawaida anapokiokota kimoja wapo?

Kilo kwanza, historia baadaye

Kawempe ni mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala. Ndani yake mna Bwaise na mafuriko yake, soko la Kalerwe, Kyebando, Kazo, Mpererwe na Komamboga, pamoja na hospitali ya rufaa ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere. Barabara kuu ya kwenda Bombo na Gulu inaipasua tarafa hiyo katikati, na barabara ya mchepuko wa kaskazini inaikata kwa upande mwingine. Ni eneo la karakana, gereji, magari ya mizigo na mifereji ya maji.

Katika mazingira kama hayo, biashara ya vyuma chakavu hupata wafanyakazi bila kuwatangazia. Vijana na watoto huzunguka na magunia mgongoni, wakiokota misumari, nyaya, makopo na vipande vya mabati. Wengine huburuta sumaku iliyotolewa katika spika mbovu, iliyofungwa kwenye kamba au ncha ya fimbo, ili ikusanye chembe za chuma mchangani na kando ya mitaro. Jioni, kilichokusanywa hupelekwa kwa mnunuzi mwenye mizani. Chuma kina bei yake, alumini bei yake, na shaba huwa na bei ya juu zaidi.

Sumaku hiyo ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, lakini ina upofu wake. Hunasa metali chache tu, hasa chuma na nikeli. Sarafu nyingi za shilingi ya Uganda zinazotumika sasa zimetengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli, hivyo hunaswa bila shida. Sarafu za enzi ya ukoloni zilitengenezwa kwa shaba nyeusi, kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, au kwa mchanganyiko wenye madini ya fedha, na hizo zote hazishikwi na sumaku. Kwa maneno mengine, kijana wa Bwaise anaweza kupitisha sumaku yake juu ya sarafu yenye umri wa miaka 100 na asijue kuwa ipo.

Hata anapoiona kwa macho, njia iliyo mbele yake ni ile ile ya mizani. Sarafu ya senti 10 ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati na upana wa takriban milimita 30, kwa mnunuzi wa vyuma ni gramu chache za shaba. Hutupwa katika rundo pamoja na nyaya na mabomba, kisha huyeyushwa. Hakuna anayejua ni ngapi zimepotea kwa namna hiyo, kwa sababu hakuna mahali ambapo huandikwa.

Kilichobebwa na njia za biashara

Kawempe haina magofu ya mawe kama Kilwa au Gedi, na watu wa Buganda walijenga kwa miti, matete na nyasi, vitu ambavyo havidumu ardhini. Lakini pesa zilipita hapa, na pesa hudondoka.

Fedha ya kwanza kuenea kwa wingi katika soko la Buganda ilitoka baharini. Kauri, ambazo kwa Kiganda huitwa ensimbi, zilisafirishwa kutoka pwani na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ambao walianza kufika katika mahakama ya Kabaka Suuna katikati ya karne ya 19. Hadi leo, neno ensimbi kwa Kiganda lina maana ya pesa. Uhusiano huo na pwani unaonekana pia katika jina la mtaa wa Mbogo huko Kawempe, linalomkumbusha Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda ambaye alihamishiwa Zanzibar na Waingereza mwaka 1893 kabla ya kurejea nyumbani.

Baada ya kauri ikaja rupia. Mwaka 1888, Kampuni ya Imperial British East Africa ilitengenezewa sarafu mjini Birmingham zikiwa na jina la Mombasa, na rupia za India zikaenea pamoja nazo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulipoweka kodi ya nyumba ya rupia 3, mkulima alilazimika kutafuta fedha ya chuma hata kama hakuwa na haja nayo sokoni. Ndipo zikafuata senti zenye tundu katikati, zilizochapwa kwa ajili ya himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Tundu hilo liliwawezesha watu wasio na mifuko katika mavazi yao kuzitunga katika uzi, kama walivyokuwa wakitunga kauri.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa mwaka 1919. Rupia ikabadilishwa kuwa florini mwaka 1920, na muda mfupi baadaye ikaja shilingi, yenye picha ya simba akiwa mbele ya milima. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar, hadi kila nchi ilipoanzisha benki kuu yake mwaka 1966. Kisha Uganda ikabadilisha fedha tena mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Kila badiliko liliacha nyuma sarafu zisizo na kazi, na sarafu isiyo na kazi hutupwa, huchezewa na watoto, au husahaulika katika kibuyu kilichofukiwa.

Lugha zenyewe zimebaki kuwa ghala la historia hii. Pesa inatokana na paisa ya India, hela inatokana na heller ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, na Waganda wanaposema ssente wanaikumbuka senti bila kukusudia. Mtu anayeokota sarafu ya mwaka 1922 katika mtaro wa Kalerwe ameshika ushahidi wa jinsi kodi, ajira na soko vilivyobadilisha maisha ya watu wa eneo hilo.

Kifaa cha mlangoni

Kifaa cha kutambua metali chenyewe si kigeni kwa wakazi wa Kampala. Wanakijua zaidi kama kifaa cha mlinzi. Baada ya mashambulizi ya mabomu ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, ukaguzi ulienea katika milango ya maduka makubwa, hoteli na nyumba za ibada. Ukaguzi huo uliimarishwa tena Oktoba 2021, pale mlipuko ulipotokea katika sehemu ya starehe huko Komamboga, ndani ya tarafa ya Kawempe, na mwezi uliofuata wakati walipuaji wa kujitoa mhanga waliposhambulia katikati ya jiji.

Kaskazini mwa nchi, kifaa hicho kilikuwa na kazi nyingine. Wategua mabomu walikitumia kusafisha maeneo yaliyoachwa na vita, na Desemba 2012 Uganda ikatangaza kuwa imekamilisha kuondoa mabomu ya ardhini katika maeneo yaliyojulikana. Historia ya kifaa hicho duniani inafanana na hiyo. Aina ya kubebwa mkononi iliyobuniwa na mhandisi wa Poland, Józef Kosacki, ilitumika kusafisha njia za majeshi ya Uingereza huko El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha, vifaa vya jeshi vilivyobaki viliuzwa kwa raia, na burudani ya kutafuta sarafu ikazaliwa.

Nchini Uganda, raia wengi wanaotafuta kununua kifaa hicho huwa na dhahabu akilini. Wachimbaji wadogo wa maeneo kama Mubende, Busia na Karamoja hukihitaji kutafuta chembe za dhahabu karibu na uso wa ardhi. Bei ya kifaa kizuri hufikia mamia ya dola, kiasi ambacho mkusanyaji wa vyuma wa Kawempe hawezi hata kukifikiria.

Na hata angekuwa nacho, ardhi yenyewe ingemsumbua. Vilima vya Kampala vimefunikwa na udongo mwekundu na mawe yenye chuma kingi, ambayo hukifanya kifaa kilie mahali pasipo na kitu. Chini ya hapo kuna vizibo vya soda na bia, misumari, betri na vipande vya mabati vya miongo kadhaa. Katika mabonde, ambako Bwaise na sehemu za Kalerwe zimejengwa juu ya ardhi oevu, udongo mwingi ni kifusi kilicholetwa kwa lori kutoka kwingine. Sarafu inayopatikana ndani ya kifusi hicho inaweza kuwa ilidondoka kilomita nyingi kutoka hapo.

Kwa hiyo, mtu anayeleta Kawempe mbinu za mashamba ya Ulaya atakumbana na mji unaohamisha udongo wake kila siku. Mifereji ya Nakamiro, Nsooba na Lubigi imepanuliwa kwa mitambo mikubwa ili kupunguza mafuriko. Katika siku moja, mtambo mmoja hufukua udongo mwingi kuliko ambao mpenda sarafu angeweza kuupekua maisha yake yote.

Sarafu inayodaiwa kuwa na zebaki

Pale ambapo elimu haijafika, uvumi hufika mapema. Kwa miaka mingi, maeneo mbalimbali ya Afrika Mashariki yamesikia madai kwamba sarafu fulani za kale zinatafutwa na matajiri wa kigeni kwa mamilioni ya shilingi. Nchini Tanzania, simulizi za rupia na mali zilizofichwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia zimewafanya watu wachimbe kando ya makaburi, maboma na mibuyu. Kwa kawaida simulizi huambatana na dai kwamba ndani ya sarafu mna zebaki au madini mengine ya ajabu.

Ukweli wa kisayansi ni mwepesi. Zebaki ni kimiminika katika joto la kawaida, na haiwezi kukaa ndani ya sarafu iliyochapwa kwa mashine bila kuvuja. Sarafu za Afrika Mashariki zilichapwa kwa mamilioni katika viwanda vya Uingereza, na viwango vya metali zake vinajulikana. Shilingi iliyotolewa kati ya mwaka 1921 na 1946 ina robo moja tu ya madini ya fedha, yaani chini ya gramu mbili katika sarafu nzima. Ile iliyotolewa kuanzia mwaka 1948 haina madini hayo kabisa.

Hata upekee wa kihistoria si lazima uwe utajiri. Mwaka 1936, senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilichapwa kwa jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla ya kutawazwa rasmi. Kwa kuwa sarafu hizo zilikuwa na tundu na hazikuhitaji sura ya mfalme, ziliwahi kutoka kabla ya kujiuzulu kwake. Ni kisa cha kuvutia, na Uingereza kwenyewe hakuna sarafu za kawaida za mfalme huyo zilizoingia katika matumizi ya umma. Lakini zile za Afrika Mashariki zilichapwa kwa mamilioni, na wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei ndogo.

Utapeli hustawi katika pengo hilo kati ya kisa na bei. Mbinu yake hufuata mkondo unaojulikana. Mtu wa kwanza hueneza habari kwamba sarafu ya mwaka fulani inatafutwa. Wa pili hujitokeza akiwa nayo. Wa tatu hujidai kuwa wakala wa mnunuzi wa kigeni. Mwathirika hushawishiwa anunue kwa bei kubwa ili auze kwa bei kubwa zaidi, au alipe gharama za mtaalamu, dawa ya kupimia na vibali. Mnunuzi hatokei kamwe. Nchini India, polisi wamewakamata watu waliodai kuwa na sarafu zenye uwezo wa kuvuta punje za mchele. Nchini Saudi Arabia, mwaka 2009, bei za cherehani kuukuu za Singer zilipanda ghafla kutokana na uvumi kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu.

Uvumi huo huo unaweza kuua. Mlipuko uliotokea Januari 2013 katika nyumba moja huko Chitungwiza, Zimbabwe, na kuua watu kadhaa, ulihusishwa katika taarifa za wakati huo na imani kwamba mabomu ya kale yana zebaki nyekundu ndani yake. Katika nchi kama Uganda, iliyopitia vita vya mwaka 1978 na 1979 na kisha vita vya msituni kaskazini mwa Kampala hadi mwaka 1986, kipande cha chuma kisichojulikana hakipaswi kugongwa kwa nyundo wala kutupwa katika mizani ya vyuma chakavu.

Sheria ipo, mlango uko wapi?

Kisheria, Uganda haijaliacha suala hili wazi. Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967 iliweka masharti ya uchimbaji na utoaji wa taarifa juu ya vitu vya kale. Nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 2023, inayolenga kuimarisha ulinzi wa urithi wa taifa, ukiwemo udhibiti wa uchimbaji na usafirishaji wa vitu hivyo nje ya nchi. Mtu anayechimba kwa makusudi eneo la kihistoria bila kibali anavunja sheria, awe na kifaa cha kisasa au jembe.

Ugumu unaanzia katika umiliki wa ardhi. Sehemu kubwa ya Kawempe ni ardhi ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa mwaka 1900. Mmoja ana hati ya ardhi, mwingine ana kibanja juu yake, na wa tatu amepanga chumba katika nyumba ya mwenye kibanja. Migogoro ya kufukuzwa katika ardhi ni ya kawaida mahakamani. Katika hali hiyo, mpangaji anayepata kibuyu cha sarafu akichimba choo ana sababu nyingi za kunyamaza. Akisema, mwenye kibanja atadai, mwenye hati atadai, na serikali nayo ina haki yake.

Ugumu wa pili ni wa umbali, ingawa haupimwi kwa kilomita. Makumbusho ya Taifa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1908 na iliyoko katika kilima cha Kitante tangu mwaka 1954, iko kilomita chache tu kutoka Kalerwe. Chuo Kikuu cha Makerere, kinachofundisha akiolojia, kimo ndani ya tarafa yenyewe ya Kawempe. Lakini kwa kijana mwenye gunia, mnunuzi wa vyuma yuko mtaani, analipa papo hapo na haulizi maswali. Kupeleka sarafu kwa ofisa wa serikali ni kujiweka katika hatari ya kuulizwa ameiiba wapi. Hofu hiyo ina msingi wake, kwa sababu wizi wa nyaya za umeme, vifuniko vya mitaro na vyuma vya minara umeifanya jamii na polisi kumtazama kila mkusanyaji wa vyuma kwa jicho la shaka.

Hatari ya kazi hiyo ilidhihirika Agosti 2024 huko Kiteezi, nje kidogo ya mpaka wa Kawempe katika wilaya ya Wakiso. Mlima wa taka za Kampala, uliokuwa ukitumika tangu mwaka 1996, uliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu 35 kwa mujibu wa hesabu za serikali. Miongoni mwa walioishi kwa kutegemea dampo hilo walikuwa watu waliochambua taka wakitafuta chuma na plastiki. Hao ndio watafutaji wa metali halisi wa kaskazini mwa Kampala, na hakuna sheria ya mambo ya kale iliyoandikwa ikiwafikiria.

Somo la Uingereza, na mipaka yake

Nchi zinatofautiana sana katika kushughulikia burudani hii. Ireland hairuhusu mtu kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kutambua metali bila idhini ya serikali. Ufaransa nayo inadai kibali. Uingereza na Wales zimechagua njia nyingine. Chini ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, mtu anayepata kitu kinachohesabiwa kuwa hazina lazima atoe taarifa, na makumbusho ikikitaka, anayekipata na mwenye shamba kwa kawaida hugawana malipo yanayolingana na bei ya soko. Kwa vitu vya kawaida, mpango wa hiari ulioanza mwaka 1997 umewawezesha wataalamu wa wilaya kurekodi zaidi ya vitu milioni moja, kisha kumrudishia kila mmoja kitu chake.

Mafanikio yake yanaonekana katika Hazina ya Staffordshire ya mwaka 2009, ambayo ilinunuliwa na makumbusho kwa zaidi ya pauni milioni tatu, fedha zilizogawanywa kati ya aliyeipata na mwenye shamba. Kushindwa kwake kunaonekana katika kisa cha Leominster. Wanaume wawili walipata mwaka 2015 hazina ya enzi ya Waviking, wakaificha na kuiuza kidogo kidogo. Walifungwa mwaka 2019, lakini sarafu nyingi kati ya takriban 300 zinazodhaniwa kuwemo hazijaonekana tena. Zile chache zilizookolewa zilitosha kuwafanya wanahistoria wafikirie upya uhusiano wa wafalme wawili wa karne ya 9. Zilizobaki zingesema nini, hakuna ajuaye.

Mfumo huo hauwezi kuhamishwa mzima mzima hadi Kampala. Uingereza ina makumbusho za wilaya, mashamba yenye wamiliki wanaojulikana na bajeti ya kununua. Uganda ina vipaumbele vingine vinavyogombea shilingi ile ile. Lakini kiini cha mfumo huo hakihitaji mabilioni. Kiini chake ni kwamba mwenye kusema ukweli hapotezi kwa kusema.

Kwa nini mahali ni muhimu kuliko sarafu

Ushahidi wa thamani ya jambo hili upo Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1984, watafiti waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, walipata zaidi ya sarafu 2,000, nyingi zikiwa za madini ya fedha, zikiwa na majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani. Kwa kuwa zilipatikana pamoja, pamoja na dinari za dhahabu za kigeni ambazo tarehe zake zinajulikana, ziliwasaidia wanahistoria kudai kuwa watawala wa mwanzo wa Kilwa waliishi karne ya 11, mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2013, sarafu moja tu ya China ya enzi ya Mfalme Yongle, iliyopatikana katika kisiwa cha Manda nchini Kenya, iliongeza ushahidi wa mawasiliano ya pwani hiyo na China mwanzoni mwa karne ya 15.

Sarafu hizo zingeng'olewa usiku na kuuzwa moja moja, zingebaki kuwa vipande vya metali. Aliyezichimba angepata pesa kidogo, na historia ya pwani ingebaki na makosa yake.

Uganda inajua uchungu wa kuona urithi wake ukiwa mbali. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa na wafungwa huko Luzira mwaka 1929 kiko hadi leo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Juni 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha Kampala vitu 39, ambavyo vilipokelewa kama hatua muhimu ya kurejesha kilichochukuliwa wakati wa ukoloni. Ni vigumu kudai vilivyoko London huku vilivyoko Kalerwe vikiyeyushwa kwa kilo.

Hatua zilizo ndani ya uwezo

Utekelezaji wa sheria ya mwaka 2023 ndio utakaoamua kama hali hiyo itabadilika. Mambo matatu yanaonekana kuwa ndani ya uwezo wa nchi bila kusubiri wafadhili.

La kwanza ni kumfuata mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye ndiye mlango ambao karibu kila kipande cha metali cha Kawempe hupitia. Bango lenye picha za sarafu za kale, na maelekezo ya kuziweka kando badala ya kuziyeyusha, linaweza kuokoa zaidi kuliko doria za polisi. Malipo madogo yanayozidi bei ya shaba yangetosha kumfanya mwenye mizani aone faida ya kufanya hivyo.

La pili ni miradi ya ujenzi. Mifereji na barabara za Kampala hufanyiwa tathmini ya mazingira kabla ya kuanza. Kumweka mtaalamu mmoja wa akiolojia kando ya mtambo unaofukua, hata kama ni mwanafunzi wa Makerere chini ya usimamizi, ni gharama ndogo katika bajeti ya mradi mkubwa.

La tatu ni bei za kweli. Uvumi wa sarafu za mamilioni huendelea kwa sababu hakuna sauti rasmi inayotaja thamani halisi. Makumbusho na Benki Kuu zikieleza kwa Kiganda, Kiswahili na lugha nyingine kwamba senti ya mwaka 1936 ni kumbukumbu ya kuvutia lakini haina zebaki wala haitajenga nyumba, matapeli watapoteza sehemu kubwa ya soko lao.

Je, siku moja Kawempe itakuwa na wapenda sarafu wanaotafuta kwa burudani, wakiandika walichopata na mahali walipokipata? Inawezekana. Makerere ina wanafunzi, na hamu ya vijana wa mjini kujua historia yao inaongezeka. Lakini burudani hiyo itakuwa ya haki ikiwa tu yule aliyetangulia kuitafuta metali hiyo, akiwa na gunia na sumaku ya spika, atahesabiwa kuwa mshirika. Kwa sasa, sarafu inayoonekana mtaroni baada ya mvua ya Bwaise ina safari fupi. Asubuhi iko mkononi mwa mtoto, mchana iko juu ya mizani, na kabla ya mwezi kwisha imekuwa shaba iliyoyeyuka isiyo na mwaka, jina wala mahali.